Mlango wa Dereva

Ukitaka kununua gari Uvira na huna hamu ya kuibiwa, unamwita Ezéchiel. Hana kiwanda. Ana uwanja mmoja Kilibula, uzio wa mabati aliyoyanyoosha kwa mikono yake, mtungi wa gesi, na mpera mmoja nyuma ya ukuta. Ni tolie, fundi wa mabati ya gari, wa kunyoosha milango iliyobonyea na kuziba palipoliwa na kutu. Mfukoni hubeba sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio iliyokufa, ameivika soksi isije ikakwaruza rangi. Huipitisha juu ya gari polepole. Palipo na bati, sumaku inashika. Palipozibwa kwa mastiki, ule ugali mgumu ambao mafundi hupaka na kusugua hadi ulainike, sumaku inaanguka, na muuzaji anaanza kuapa kwa jina la mama yake. Dalali mmoja wa Kamanyola alimwita mchawi mbele ya watu. Ezéchiel alitembea kifua mbele wiki nzima.

Lakini mtu huyu mwenye kufichua ya wenzake alikuwa na mambo yake mawili. La kwanza, hakula mapera ya mpera wake. Yaive, yaanguke, yanukie uwanja mzima, hagusi. Pélagie mkewe huyachuma akayagawa kwa majirani, huku akisema ameona wanaume wanaoogopa nyoka na wanaoogopa kodi, ila anayeogopa mapera ni huyu wake tu. La pili, akienda bandarini Kalundu hupita barabara ya juu, hata kama amebeba bampa begani. Haipiti ile ya kando ya ziwa, penye nyumba ya mama Ernestine. Alisema kule chini kuna vumbi. Jamani, Uvira hii yote ina vumbi!

Basi mwaka 2024, ziwa lilipopanda tena na kuingia majumbani, mama Ernestine akatuma mtu amwite.

Huyu mama alikuwa na gari ambalo kila mtu wa umri wake mjini anakumbuka: Alfa Romeo nyekundu, fupi, ya watu wawili, paa la kitambaa. Mumewe Octave, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anahama. Kwa barabara zetu lilikuwa gari la kichaa, kila shimo linakwangua tumbo lake, lakini Octave alilipenda na watoto walilikimbilia nyuma wakipiga makelele. Vita ilipoingia mjini mwaka wa tisini na sita, alimtanguliza mkewe kwa miguu na wakimbizi wa kuelekea kusini, akamwambia anafunga depo atawafuata kwa gari. Hakuwafuata. Ernestine aliporudi miezi baadaye, aliikuta Alfa imeachwa kando ya barabara ya bandarini, tangi tupu. Majirani walimsaidia kuisukuma hadi nyumbani.

Siku hiyo alilizunguka gari akilipapasa kwa viganja vyote viwili. Halikuwa na tundu wala tone la damu. Kiti kilikuwa safi na mlango ulifunga vizuri. Akakata shauri: Octave alifika bandarini, akapanda boti kwenda Kigoma, yu hai. Aliyekamatwa na watu wa bunduki haachi gari safi namna hii. Tangu hapo hakukubali matanga yafanywe. Padri aliyetaka kumwombea Octave misa ya marehemu alitolewa nje kwa heshima, na karani wa mtaa aliyemwandika "mjane" kwenye fomu alitolewa bila heshima. Kila Jumapili alimwekea mumewe sahani, akaifunika kwa sahani nyingine. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti cha dereva.

Sasa vyumba viwili kati ya vitatu vilikuwa na maji. Bintiye Olga alimtafutia mnunuzi, Thierry wa Bujumbura, anayepelekea matajiri wa Ulaya magari ya zamani. Masharti ya Thierry yalimchekesha kila aliyeyasikia. Rangi kuchujuka ni sawa. Viti kupasuka ni sawa, injini kufa ni sawa, na alikataza hata lisioshwe. Alichokitaka ni bodi ambalo halijaguswa na fundi tangu litoke kiwandani. Likiwa hivyo, bei yake ingempatia mama kiwanja kule juu Kilibula na nyumba ya matofali. Likiwa limeguswa, atalichukua kwa bei ya vipuri. Na aliitaka karatasi yenye sahihi ya Ezéchiel, maana habari za ile sumaku zilikuwa zimevuka mpaka.

Jumamosi asubuhi Ezéchiel akapita barabara ya chini. Pélagie alimwona akikata kona hiyo, akabaki na ufagio mkononi.

Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya makreti ya bia, maji yakicheza chini yake. Mama Ernestine, miaka sabini na ushee, alisimama ndani ya maji hayo, kitenge kakikunja magotini.

"Karibu, papa Ezéchiel. Motokari iko inakungojea."

"Asante, mama."

Alianza kazi, na kazi ilimpa nafuu kidogo. Alilinganisha namba ya injini na ya bodi, zikakubaliana. Aligonga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Akaangalia raba za vioo, skrubu, mishono ya paa. Kila kitu kilikuwa kama Mwitaliano wa watu alivyokifunga. Moyo wa fundi ulimruka kwa furaha, kisha akainamisha kichwa ndani na pua ikamletea sabuni, sabuni ya miche ya kufulia. Baada ya miaka ishirini na minane sabuni hainuki, alijua hivyo. Ilinuka tu. Na sauti ya kijana mmoja wa bunduki, wa mwaka ule wa vita, ikamwambia tena, kwa upole kabisa, kwamba saa nane mchana awe amemaliza.

Akarudisha kichwa nje. Akapitisha sumaku kwenye boneti, ikashika. Kwenye madigadi yote manne, juu ya magurudumu, ikashika. Mlango wa kulia na buti, ikashika. Akairudisha mfukoni, akatoa kalamu.

"Na uyu mulango?" mama Ernestine akauliza.

"Upi, mama?"

"Wa dereva. Umeuruka."

Ezéchiel akasema aa, nimesahau, macho haya. Akaiweka sumaku katikati ya mlango wa kushoto, ameikandamiza kwa dole gumba, akaiburuta hadi mwisho.

"Achilia kidole."

Akaachilia. Sumaku ikaanguka majini.

Mama akainama, akapapasa chini ya maji, akaiokota. Akaiweka mwenyewe palepale, ikaanguka tena. Akaiweka shubiri moja mbele, na mahali pa tatu chini kidogo, na kote ikaanguka. Sentimita mbili kando ya kila mahali, ilishika.

"Iko nini mule?"

Jibu lilikuwepo, jepesi. Magari yote ya kando ya ziwa huliwa milango. Mahali patatu padogo, Thierry angekata kidogo kwenye bei na mambo yakaisha. Au Ezéchiel asiandike lolote: kazi ile ilikuwa nzuri mno, jicho la Mzungu yeyote lingepita juu yake. Hajawahi kufanya nyingine nzuri kama hiyo maishani.

"Kutu, mama," akasema. "Iko kutu tu."

Uso wa mama Ernestine ukalegea. Alicheka hata, akafuta sumaku kwa ncha ya kitenge.

"Ee Mungu wangu. Octave akirudi atanigombeza. Atasema, bibi, minye nilikuachia motokari, unaacha inakuliwa na kutu!"

Hapo ndipo Ezéchiel aliposhindwa. Angeweza kuubeba uongo wake mpaka kaburini, tayari alikuwa amezoea uzito wake. Lakini kusimama pale akimsikiliza mama huyu akigombezwa na maiti, tena kwa kicheko, hakuweza. Akakaa juu ya kreti, maji yakaingia viatuni.

"Mama, atarudi namna gani," akasema. "Ayiko kutu. Ni minye nilizibaka."

Akamweleza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi mpya, bwana wake kakimbia na kumwachia uwanja. Vijana wanne wa bunduki waliisukuma Alfa mpaka ndani asubuhi. Mlangoni kulikuwa na matundu, kiti kimelowa. Hawakumpiga. Walimwambia azibe, apake rangi, aoshe, maana mkubwa wao alilipenda gari. Ndani ya gari hakukuwa na mtu. Alilijua ni la nani, nani asingelijua? Saa nane lilikuwa kama jipya. Siku chache baadaye akasikia limeishiwa mafuta na wamelitupa barabarani, na baadaye sana akasikia mama Ernestine karudi na anasema gari halina alama yoyote, kwa hiyo mumewe yu hai.

"Nilisema nitakuja kukuambia. Kesho, kesho kutwa. Kisha ukakatala matanga, na minye nikaona aibu. Kila mwaka ilizidi kuwa nzito."

Mama Ernestine akamrudishia sumaku yake.

"Njo maana ulikuwa unapitia barabara ya juu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka makumi mbili na nane nakuona kule juu na mizigo. Nasema, uyu papa ana kiburi." Sauti yake ilipanda. "Minye napikia muntu kila yenga, na weye unajua! Napikia nani, papa Ezéchiel?"

Mama hakungoja jibu. Aliuliza matobo mangapi. Matatu. Aliuliza damu ilikuwa nyingi. Ezéchiel akajaribu kutazama pembeni, mama akarudia swali, akajibu: nyingi, mama, mtu hawezi kubaki. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayetajiwa bei aliyokwisha kuifikiri.

"Fungula."

Alichukua patasi na nyundo. Mastiki ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini yeye ndiye aliyeiweka na alijua pa kuanzia. Vipande vilianguka majini kimoja kimoja. Mama Ernestine akaingiza kidole cha shahada katika tundu la kwanza, la pili, la tatu, na katika lile la tatu akakiacha kwa muda mrefu. Ezéchiel alisubiri kilio. Hakikuja.

"Andika karatasi," akasema.

"Mama, bei itaanguka. Kiwanja..."

"Andika vile iko."

Akaandika, juu ya boneti, kwamba gari ni la asili lote isipokuwa mlango wa dereva, ambao una matundu matatu ya risasi, yaliyozibwa mwaka 1996 na mwenye sahihi hii. Akatia sahihi na jina lake kamili, lile ambalo watu walilifuata toka Bujumbura. Mama akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na kiwanja na nyumba ya matofali.

"Kile kiti," akasema. "Uliosha na nini?"

"Maji na sabuni. Ndoo tano."

"Na maji ulimwangaka wapi?"

Katika miaka yote ile, katika maswali yote aliyojitungia akiwa peke yake, hilo Ezéchiel hakuwahi kulifikiria. Wala hakuhitaji kukumbuka.

"Kwangu. Nyuma ya ukuta. Pale iko mupera."

"Nipeleke."

Walipanda hadi Kilibula kwa miguu, mama mbele, hakutaka pikipiki. Waliomsalimia njiani hawakuitikiwa. Pélagie alipoona nani anaingia langoni alikimbilia jikoni kumtafutia mgeni kitu cha mkononi. Mama Ernestine alipita kando ya magari mabovu, akazunguka ukuta, akausimamia ule mti. Mapera yalikuwa yameiva na mengine yamepasuka chini. Akayasogeza kwa mguu, taratibu, akapata nafasi. Akavua kitambaa cha kichwa, akaketi udongoni na kunyoosha miguu yote miwili, namna wanavyoketi wanawake waliofiwa.

Ezéchiel alibaki mbali, kofia mkononi, akingoja kuambiwa aondoke kwenye uwanja wake mwenyewe.

"Kuya," mama Ernestine akasema bila kugeuka. "Weye njo ulimuoshaka. Mwenye kuosha anakaa karibu na mujane."

Akaenda, akaketi. Pélagie akatokea kwenye kona ya ukuta na sahani ya mapera, na pale aliposimama ndipo alipomkuta yule mama akianza kulia.