Kumuaga Panda Aliyelala

Mama yangu alitamani sana kuona panda, basi Jumamosi moja tukapanda treni kutoka Brussels kwenda kwenye bustani ya wanyama. Tulimkuta panda amelala nyuma ya kioo, ametugeuzia mgongo. Jioni nikachoka, nikasema twende.

"Non," akasema mama. "Kwetu Bukavu muntu hatokake kwa watu bila kuaga. Aamuke kwanza."

Mlinzi akaja kutuambia wanafunga. Nikamvuta mama mkono, akagoma. Hasira zikanipanda.

"Maman, huyu ni mnyama tu!"

Akaegemeza paji la uso kwenye kioo. "Siku ya kukimbia vita," akasema polepole, "mama yangu nilimuachaka analala hivi hivi."

Nikamgeukia mlinzi nimwombe atuachie kidogo. Alikuwa ameshazima taa.