Gazeti Lililosema Tulihama kwa Hiari

Jumapili baada ya kanisa nilimsomea mama gazeti, katika kijiji cha Ruiru ambako serikali ya kikoloni ilituhamishia wakati wa hali ya hatari. Shule ya usiku ilikuwa imenifunza kusoma kwa sauti ya kusikika mpaka Thika. Nikasoma kwamba Waarabu wa Palestina waliacha nyumba zao kwa hiari.

Mama akaacha kumenya viazi. "Si ni gazeti lilelile lililoandika tulihamia hapa tukiimba?"

"Ndilo, maitu."

"Na nyumba yangu ilichomwa nikitazama." Akaninyooshea kisu. "Tafuta kama wamesema hao watu walirudi kwao."

Nilitafuta mpaka kwenye matangazo ya sabuni, macho karibu yanitoke, nisione neno. Jumapili iliyofuata aliniuliza tena kama wamerudi.