Picha ya Kichwa cha Shemeji Ilunga

Nakumbuka asubuhi ile dada yangu aliponiletea mumewe, Ilunga, kutoka mtaa wa Kamalondo. Mwanangu unayeingia kazi hii leo, nilikuwa nimemaliza sekondari, nina mwaka mmoja tu katika chumba cha radio, yaani picha za eksirei, cha hospitali, na koti langu jeupe nililipiga pasi kama abakosi, ile suti ya wakubwa, ya sherehe. Ilunga, mfanyakazi wa tanuru la shaba, alikuwa na homa siku tatu. Sasa alimwita mkewe kwa jina la marehemu mama yake, na alitaka kuvaa shati miguuni.

Nilimpiga picha ya kichwa, nikaiinua filamu kwenye mwanga mbele ya ukoo. Hakuna ufa. Bila kumngoja daktari nikatangaza kwamba kichwa ni kizima. Kama si pombe, basi ni mambo ya ukoo. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lilikuwa mimi. Wakaniamini, wakampeleka nyumbani, wakaanza kuulizana nani amemroga.

Siku mbili baadaye alirudishwa na degedege. Ba Mwape, muuguzi mzee, aliitazama filamu, kisha akanitazama mimi.

"Weye mutoto, hii iko foto ya mufupa. Bongo uliiona wapi? Muntu anapiga foto ya chungu, anaapa juu ya mboga iko ndani?"

Dada yangu alisimama pale. Alimfuta mumewe povu mdomoni, na hilo ndilo liliniuma.

Ba Mwape akaniamuru nimshike Ilunga akiwa amekunjwa, daktari amtoe maji ya mgongo. Maji hayo yalionyesha kwamba ubongo umevimba, kazi ya virusi. Alilazwa wiki tano. Alipona, akapewa kulinda lango la kiwanda, maana mkono wa kushoto haukurudi sawasawa. Zile siku mbili alizokaa bila dawa ni kosa langu, simsingizii mtu.

Tangu hapo, chini ya kila filamu niliandika kinachoonekana na kisichoweza kuonekana, na madaktari wakazoea kuuliza, "Hii imepigwa na nani?" na wakisikia ni mimi, wakaiamini. Leo mjukuu wangu anaongoza mashine inayouona ubongo wenyewe. Aliniambia kwamba hata hiyo, siku za mwanzo, yaweza kutoa picha safi huku virusi vipo kazini. Naye huandika hivyo bila haya. Kifua kilinijaa fahari, mwanangu.

Basi ukipewa chombo cha kuona, jua kinapokomea. Kusema "hapa sioni" si aibu; aibu ni kuapa, mwenzako akalipa kwa mwili wake. Mungu akupe jicho kali na ulimi mpole, na kila mgonjwa utakayekabidhiwa arudi kwao kwa miguu yake.