Anayetafuta Uhai wa Mirihi Kwenye Bonde Lisilotajwa Jina

Jua limeshachomoza Bisibo, wilayani Biharamulo, na akina mama wako mashambani zamani. Lakini huku kwenye bonde hili dogo kumetulia kupita kiasi. Hakuna ndege anayelia. Hakuna nzi. Hata panzi, wale wa kurukaruka miguuni mwa mtu asubuhi, wameishia kule juu kwenye nyasi ndefu.

Dk. Speciosa Nduwayo amesimama ukingoni, mkononi ana kamba ndefu iliyofungwa koroboi nchani. Anaiteremsha taratibu, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani. Moto unawaka vizuri. Unaendelea kuwaka. Halafu, bila upepo wowote, unazimika.

"Umeona?" anasema kwa sauti ya chini. "Bado limelala. Tusubiri."

Kinacholala humo ni hewa nzito isiyo na rangi wala harufu. Inatoka ardhini na kujikusanya bondeni usiku kucha, kama maji kwenye beseni. Mtu akiinama ndani yake anasinzia, na usingizi wenyewe hauna kuamka. Jua likipanda, hewa hiyo inachanganyika na upepo na kwenda zake. Ndiyo maana Speciosa anaanza kazi wakati wenzake wanaanza kutafuta kivuli.

Leo, chini pale, amelala kwale. Manyoya yote yapo, jicho moja liko wazi, wala sisimizi hawajamgusa.

Wenyeji hawalitaji bonde hili kwa jina. Ukiwauliza liko wapi, wanakuelekeza kwa kidevu na kusema "kule". Basi.

Speciosa ana miaka thelathini na saba, mzaliwa wa Ngara, na kazi yake ni kuuliza swali ambalo watu wengi huliuliza mara moja wakiwa wadogo, kisha wakaliacha: je, huko kwenye sayari nyingine kuna chochote kinachoishi?

Anavyoeleza, sayari ya Mirihi ni kavu, baridi, na nyekundu kwa kutu. Juu ya ardhi yake hakuna kitu. Lakini chini, penye giza, pasipo hewa ya kuvuta, huenda kuna maji machungu yaliyojificha. Bondeni humu nako maji ni mekundu kwa kutu, yanakata ulimi kama ndimu, na chini ya mawe hakuna mwanga wala hewa nzuri.

"Kama kuna kidudu kinachoweza kuishi hapa, tutajua tukifika kule tutafute nini," anasema, na kidole chake kinaelekea juu, mbinguni kweupe.

Cheo chake ni mtafiti wa baada ya uzamivu. Kwa lugha ya nyumbani, ni mtu aliyemaliza shule zote zilizopo lakini kazi ya kudumu hajaipata. Mfikirie bibi harusi aliyekwisha kufunga ndoa kanisani, na bado anahama na sanduku lake kutoka chumba cha mgeni hadi chumba cha mgeni. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa Ulaya, wa pili Afrika Kusini. Huu ni wa tatu, na unakwisha mwishoni mwa Juni. Usipoongezwa, utafiti umekwisha, na pengine kazi yenyewe ya sayari.

Mama yake, Nimpaye, humpigia simu kutoka Ngara kila Jumapili baada ya misa.

"Ananiuliza, 'Speciosa, wenzako wanaotafuta mambo ya angani wanatazama juu. Wewe mbona umeinama?'" anasema akicheka. "Nikimwambia natafuta vidudu, anasema vidudu angenitafutia yeye, kwenye maharage, bila mimi kusoma miaka yote hiyo."

Kabla ya kuteremka anavaa nguo nyeupe za kumfunika kuanzia kichwani hadi vidoleni, na kitambaa puani. Nguo hizo si za kujikinga yeye. Ni za kulikinga bonde na yeye. Mate, jasho, hata unywele mmoja ukidondoka kwenye tope, kesho ataona uhai kwenye kioo cha hadubini, kumbe ni wa kwake mwenyewe.

Erasmus, mwendesha bodaboda anayembebea mizigo, anabaki juu. "Mimi mwisho wangu ni ule mti," anasema. "Ukinikuta ng'ambo ya ule mti, jua nimebebwa." Siku ya kwanza kumwona Dokta akipanda kutoka bondeni amejifunika mweupe mzima, anakiri kwamba aliwasha pikipiki kabla hajamtambua.

Speciosa amepanga chumba kwa Ernesta, mjane wa miaka sabini, mkulima wa migomba, mwanakwaya wa zamani, na bingwa wa vitendawili. Ndani ya wiki ya kwanza, wakimenya ndizi uani, Ernesta alitega.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia Speciosa na Erasmus.

"Nina ng'ombe wangu anapumua, pua hana, mbavu hana."

"Mivukuto ya mhunzi!" akasema Erasmus.

"Mivukuto ina mbavu, wee Erasmus, hujawahi kuiona? Haya, nipeni mji."

"Tunakupa Biharamulo, pamoja na boma la Wajerumani."

"Nimekwenda Biharamulo, nikapokewa, nikalala bomani kwenye kitanda cha Mjerumani." Ernesta akaweka kisu chini. "Jibu ni kule."

Hakuna aliyecheka. Wakaendelea kumenya.

Mambo yalianza na vijiti. Speciosa huchagua mahali pa kuchimba, anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, kisha siku nyingine anarudi na vifaa vyake. Aliporudi mara ya kwanza, chini ya kijiti palikuwa majimaji. Mvua haikuwa imenyesha. Kando kote palikuwa pakavu.

Akahamisha kijiti hadi upande wa pili wa bonde. Aliporudi, unyevu ulikuwa umehamia huko.

Akakisogeza tena, safari hii nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo mtu aliyesimama juu haoni. Unyevu ukamfuata. Nyayo hazikuwapo, kwani chini pale ni mwamba na majani mafupi. Erasmus aliapa kwamba hajavuka mti wake.

"Mimi ni mtu wa sayansi," anasema Speciosa. "Nilijiambia kijiti kinatoboa ardhi na maji yanapanda. Lakini nilianza kuteremka huku nikigeuka nyuma. Nilikuwa najihisi kama mtu anayesubiriwa. Kama kwamba kitu kinajua nitachimba wapi kabla sijachimba."

Tope alilochimba alilitia kwenye chupa, akazifunga kwa vizibo vya mpira na kuzipanga kwenye chumba cha uani, penye giza. Kama ndani yake hakuna kinachoishi, chupa hukaa kimya. Kama kipo, kitakula kilichowekwa humo, kitatoa hewa, na kizibo kitainuka.

Mchana mmoja, nyumba nzima ikiwa shambani na yeye amekaa peke yake uani, akasikia kutoka chumbani: tik. Kimya. Kisha tena: tik. Akasukuma mlango. Vizibo vilikuwa vimevimba, kimoja baada ya kingine, vyote vikiwa vimeelekea juu kama vichwa vya watoto wanaochungulia.

"Nywele zilinisimama," anasema. "Nilikaa chini sakafuni. Nilidhani nimeuona uhai ambao haujawahi kuonwa na mtu."

Alipanda kilima kutafuta mtandao, akampigia msimamizi wake ng'ambo. Msimamizi alipiga kelele ya furaha hadi simu ikakwaruza. Akamwambia kwamba kwa matokeo ya namna hiyo, mkataba mpya hauna shida. Aandike muhtasari tu, saini zitafuata.

Siku iliyofuata alifungua chupa ya kwanza. Harufu ikampanda puani.

Haikuwa harufu ya kutu. Haikuwa harufu ya kinamasi. Ilikuwa harufu ya arusi za kwao, ya uani kwa babu yake, ya ndizi mbivu zilizokanyagwa na kufunikwa. Kutoka chini ya ardhi isiyo na uhai, kitu kilikuwa kinamnukia rubisi, pombe ya ndizi.

"Hapo niliogopa kuliko siku zote," anasema. "Nilitoka nje nikahakikisha ni mchana."

Kwenye hadubini aliona vidonge vya mviringo, vingine vikiwa na kichomozo ubavuni, kama mama aliyebeba mtoto. Alivifahamu. Ilikuwa hamira ya pombe, ile ile inayoishi kwenye mitungi ya Biharamulo nzima.

Akakumbuka ule unyevu. Akaenda jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari wangu wa matope. Mbona umepauka?"

"Mama, kule bondeni, nani anamwaga rubisi?"

Ernesta akageuza ndizi kwenye makaa. Akazigeuza tena, ingawa hazikuwa zimeiva upande wa kwanza. Speciosa akakaa kwenye kigoda.

"Mambo hayo hayasemwi, mwanangu," akasema mwishowe. "Anayemwaga akisema, amejipokelea shukrani mwenyewe. Inakuwa bure."

"Mama, nisipojua, kazi yangu ndiyo itakuwa bure."

Ernesta akaweka koleo chini. "Ulikuwa unaingia kule bila kubisha hodi. Mtoto wa watu, umelala chini ya bati langu, unakwenda kwenye nyumba ya watu umevaa sanda. Ningekaa tu? Nilikubishia hodi."

Kila Speciosa alipoaga kwamba kesho anateremka, Ernesta alitangulia leo, jua likiwa kali, na kibuyu chini ya kanga. Na alimwaga pale pale penye vijiti. Kwa wazee wake, kijiti kinachochomekwa na kufungwa kitambaa ni mahali palipotengwa pa kuwapa wahenga kinywaji. Alipoona vijiti bondeni, alifurahi.

"Nilisema, kumbe mtoto huyu ana heshima! Pa kumwagia amepaonyesha, ila aibu ya kisomo ndiyo inamzuia kumwaga."

Speciosa anasema alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yakabaki baada ya kicheko kwisha. Ule uhai wa ajabu ulikuwa ukarimu wa mama mwenye nyumba.

Kulikuwa na njia ya kunyamaza. Ng'ambo hakuna aliyejua harufu ya rubisi. Vipimo vikubwa vya maabara vingekuja kufichua jambo, lakini baada ya miezi, mkataba ukiwa umeshasainiwa.

"Nililiwaza, nisidanganye," anasema. "Nililiwaza nikiwa napanda kile kilima, na nililiwaza nikibonyeza namba."

Alimweleza msimamizi yote: kibuyu, vijiti, hodi. Msimamizi akasema amesikia. Akashukuru kwa ukweli. Kuhusu mkataba, akasema itabidi waone Juni itakapofika. Tangu siku hiyo neno "saini" halijarudi.

Erasmus hakuficha maoni yake. "Dokta, wewe ndiye mtu wa kwanza Biharamulo kuharibiwa kazi na pombe bila kuionja."

Kazi ilianza upya. Kumkataza Ernesta hakukuwezekana. "Nikuache uingie kimya kimya, halafu usipotoka nimwambie nini mama yako Nimpaye?" alisema. Walibishana siku mbili, mwisho wakapatana: atamwagia juu ukingoni, chini ya mti wa Erasmus, na bondeni hatatia mguu. Vijiti vyekundu vimeng'olewa. Sasa Speciosa anaweka alama kwa kukariri mawe.

Amechimba upande ambao kibuyu hakikufika, chini ya mwamba, kwa vifaa alivyovipitisha motoni. Pamoja na chupa hizo ameweka nyingine zenye tope lile lile lililochemshwa, ili ajue tofauti ya kilichokufa na kisichokufa.

Miezi imepita. Hakuna kizibo kilichoinuka. Chumba cha uani kimekuwa kimya, na Ernesta anasema kimya hicho hakipendi. Zamani angalau vilikuwa vinamwitikia akipita.

Lakini wiki chache zilizopita, akimulika chupa moja baada ya nyingine, Speciosa aliona kitu kwenye tope jekundu la chupa ya mwisho. Mstari mweusi, mwembamba kama unyusi. Kwenye chupa zilizochemshwa haupo. Ameitoa hewa ya chupa kwa sindano na kuinusa, haina rubisi. Ameutazama tena na tena, na kila akiutazama uko juu kidogo kuliko ulipokuwa.

Huenda ni kutu tu inageuka rangi yenyewe, bila uhai wowote. Huenda ni kitu kinachokula mwamba polepole, gizani, bila hewa, na ambacho hakijawahi kuwa na sababu ya kutoka. Chupa hiyo moja haitoshi kumpa mkataba. Anahitaji misimu miwili mingine ya mvua ili aseme neno.

"Hiki hakina haraka," anasema akiifunika kwa kitambaa cheusi. "Mwenye haraka ni mimi."

Ombi la mkataba mpya ameshalituma, na habari ya kibuyu ameiandika humo yote, ukurasa wa kwanza. Wakikataa, atarudi Ngara kuomba kufundisha sekondari, na kila likizo atapanda basi kuja kuangalia. Ernesta ameshakubali kukitunza chumba. Amenunua kufuli kwa pesa yake, na hakuna anayeingia humo, hata kuku.

Akiulizwa kama haogopi kulala nyumba moja na kitu hicho, Ernesta anafikiri.

"Naogopa," anasema. "Ila na chenyewe kimetolewa kwao, kiko kwenye nyumba ya watu, hakijui Juni itakuwaje. Sawasawa na huyu mwanangu."

Speciosa ameshaingia ndani. Kupitia upenyo wa mlango anaonekana amechuchumaa na tochi, uso karibu na kioo cha chupa, amebana pumzi ili asikiwekee ukungu.