Usingizi wa Jirani Yangu

Wakati wa Wadachi, mwanamke wa Rumonge alikuwa hapigi miayo mbele za watu. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Wadachi walitoa amri nyingi, za kufyeka vichaka vya ufukweni, za kutoteka maji penye miti, za kutovua sehemu fulani, lakini hii ya miayo tulijiwekea wenyewe. Miayo ikikujia unaifunika kwa ncha ya kaniki, au unajifanya unakohoa. Mimi nilikuwa nikiibana mpaka machozi yanitoke.

Malale yalikuwa yameingia kando ya ziwa. Kwanza vinundu nyuma ya shingo, baadaye usingizi, mtu analala na tonge mkononi, mwisho haamki. Wadachi walisema ugonjwa unaletwa na mbung'o, yule nzi wa vichakani, na katika hilo sikubishana nao. Kila baada ya muda daktari wao alikuja na msaidizi wake kutupapasa shingo. Aliyekutwa na vinundu alipakiwa mtumbwini akapelekwa kambi ya wagonjwa, kaskazini huko, kupita Muhuta. Tulisikia kwamba kambini watu huchomwa sindano, na kwamba sindano yenyewe hupofusha. Wachache walirudi. Wengine tuliletewa habari zao tu.

Sasa niambie, katika mji kama huo mama mwenye mtoto wa kunyonya afanye nini? Ni mama gani wa mtoto mchanga asiyesinzia?

Jirani yangu alikuwa naye binti wa kunyonya, mimi mvulana. Tulijifungua karibu pamoja, nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa matete, na ua huo tulikuwa tumeutoboa ili tusizunguke. Mume wake alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, wangu mshonaji wa kofia na kanzu. Tangu watoto wana siku arobaini tulikwisha kuwaoza kwa maneno, tukaitana wakwe. Akiniomba chumvi, nilimwambia alipe kwanza mahari. Yeye alijibu kwamba mahari wanalipa wenye mvulana, na mvulana mwenyewe ana masikio makubwa, kwa hiyo niongeze ng'ombe.

Siku moja tulikuwa tunatwanga ngazi, matunda ya mchikichi ya kukamua mawese, zikiwa bado moto kutoka chunguni. Kazi hiyo hufanywa kwa zamu, mchi wangu ukipanda wake unashuka. Mara nikasikia mchi mmoja tu. Nikainua macho. Mwenzangu alikuwa amesimama, ameukumbatia mchi kifuani, macho yamefumba na mdomo umeachia kidogo.

Mimi nikiogopa hukasirika. Ndivyo nilivyoumbwa. Nikamfokea.

"Una nini weye? Unataka nikuponde mikono?"

Akashtuka. "Mutoto iko anaota meno, mukwe wangu. Usiku wote analia. Miye sijalala."

"Na mimi wangu haoti meno? Mbona miye niko macho?"

Kweli nilikuwa macho. Nilikuwa macho kama bundi. Usingizi wangu ulikuwa mwepesi siku zile, nikilala kidogo nimeamka, na nilijisifu kwa hilo mbele yake. Akacheka, akaendelea kutwanga. Lakini alipoinama kuokota ngazi iliyoruka, niliitazama shingo yake, na tangu saa hiyo sikuacha kuitazama. Alipokuwa akisuka ukili niliitazama. Alipokuwa akisujudu pembeni yangu niliitazama, Mungu anisamehe, badala ya kutazama mkeka wangu.

Halafu ikaja siku ya jiko. Nilipita kwenye tundu la ua kwenda kuomba moto. Nikamkuta amekaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, amelala usingizi wa pono. Mtoto alikuwa ameteleza kutoka kwenye ziwa lake, yuko mapajani, kisha magotini, na mbele ya magoti palikuwa na mafiga matatu na chungu kinachochemka. Mama yake hana habari. Nilimdaka mtoto kwa kumshika mguu. Alilia kwa sauti ya kuamsha mji mzima, na hata hapo mama yake alichukua muda kufumbua macho.

Njiani alikuwa akipita mwanamke mwenye kikapu cha muhogo, anatoka Gatete. Akasimama.

"Amahoro," akasema.

"Amahoro," nikamjibu, "huyu mwenzangu iko na homa kidogo tu. Pita salama."

Hakupita mara moja. Alimtazama jirani yangu muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na alipoondoka aliondoka upesi. Nyampara wetu, msimamizi aliyewekwa na Wadachi, alikuwa ameagizwa apelekewe habari za kila anayesinzia mchana. Nilijua kikapu kile hakitafika sokoni kabla ya maneno kufika kwa nyampara.

Nikamvuta ndani. "Geuka nikupapase shingo."

"Usiniguse."

"Geuka!"

"Nasema usiniguse! Ukikuta kitu utafanya nini? Utanificha chunguni?" Akaanza kulia. "Wakinipeleka kule, huyu atanyonya nini? Mama yangu alikwisha kufa. Dada sina. Atanyonya nini, niambie."

Hilo ndilo lililotusumbua sote wawili, si kifo chenyewe. Mtu mzima akifa anazikwa. Lakini mtoto wa kunyonya aliyeachwa bila ziwa, mwaka ule tulikuwa tumeshaona mmoja, na sitaki kusimulia alivyokuwa amekonda.

Jioni nilimweleza mume wangu. Yeye alipenda methali kuliko chakula. Akasema mficha maradhi kilio humfichua. Nikamwambia methali zake azishone kwenye kofia. Baada ya kununa kidogo akasema neno la maana: kwamba mtu wa malale hata ukimlaza siku nzima ataamka na usingizi uleule, lakini aliyechoka ukimlaza vizuri ataamka ameshiba. Basi alazwe. Kabla daktari hajaja, alazwe, tujue.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Kumlaza kweli maana yake nimchukue binti yake tangu asubuhi, na mtoto yule alikuwa bado hajakubali uji. Ingebidi nimnyonyeshe. Na sisi Waislamu tunajua kwamba mtoto akinyonya kwa kushiba mara tano kwa mwanamke, mwanamke huyo ni mama yake, na watoto wake ni ndugu zake. Mtu haoani na nduguye. Mtu wa mbali atatucheka. Kifo kiko mlangoni, na wanawake wawili wanabishana juu ya harusi ya watoto wasio na meno. Lakini tulibishana. Nadhani harusi ile ilikuwa ndiyo kitu pekee tulichokuwa nacho kilichosema kwamba miaka kumi na tano mbele sote tutakuwapo.

"Mupe mara mbili tu," jirani yangu akasema. "Akilia tena, mudanganye na kidole chenye asali."

"Na akikataa kidole?"

"Basi aimbiwe."

Asubuhi mume wake alimletea mkeka mpya, akatoka akakaa nje ya ua kama askari, wavu wake magotini, anajifanya anashona matundu. Mimi nilikaa na watoto wawili. Binti alinyonya kwa pupa, huku akinitazama kwa jicho moja, kama anayeshuku mizani ya muuzaji. Mwanangu aliona wivu akampiga teke. Ningecheka siku nyingine.

Adhuhuri jirani yangu alikuwa bado amelala. Nikasema, si neno, ana deni kubwa la usingizi. Nilisogea mlangoni nikasikiliza pumzi zake. Alasiri ikaadhiniwa, bado. Mume wake akaacha wavu. Alinitazama, na mimi nikatazama pembeni maana sikuwa na uso wa kumpa. Binti akaanza kulia njaa, kidole cha asali akakitema. Nikamwimbia. Nilimwimbia kwa sauti, na ndani kule hakuna aliyejigeuza hata kwa kilio cha mwanawe. Hapo nikaamini. Nikasema moyoni, basi, huyu amekwenda.

Niliingia nimshike bega. Kabla sijalifikia, alifumbua macho.

"Mumekula mukeke wote?" akauliza. "Miye niko na njaa."

Akainuka, akajinyoosha, akakunja mkeka mwenyewe. Macho yake yalikuwa meupe, safi. Akala mukeke mzima, yule samaki wetu mnono, na ugali wa muhogo, akanyonyesha, akaniuliza kwa nini ninalia kama mfiwa. Mume wake alitoka nje akajifuta uso kwa wavu. Nikamgeuza shingo sasa, naye hakukataa, nikapapasa pande zote mbili. Laini. Hakuna kitu. Nikampiga kofi la mgongo kwa hasira ya siku nzima.

Daktari alipokuja tulipanga mstari karibu na gulio, watoto migongoni. Jirani yangu alikuwa mbele yangu. Yule mwanamke wa muhogo alikuwa amesema, na nyampara alimwonyesha kwa kidole, kwa hiyo msaidizi alimpapasa mara mbili. Vidole vyake vilinuka dawa. Kisha akamsukuma kando: pita. Jirani yangu aligeuka akaniangalia, akaachia miayo mirefu, wazi, mbele ya Mdachi na askari wake wote, makusudi. Nilikaribia kuanguka kwa kicheko.

Vidole vikafika shingoni mwangu, vikasimama.

Nyani haoni kundule. Wiki zote zile nilichunga shingo ya mwenzangu, na hakuna aliyewahi kuipapasa yangu. Mimi niliyekuwa macho kama bundi, sikujua kwamba kwa wengine ugonjwa huanza kwa kukosa usingizi. Msaidizi alimwita daktari. Walinichoma sindano kwenye kinundu, wakavuta maji kidogo, daktari akayatazama kwenye kioo chake. Hakusema na mimi. Alisema na msaidizi, na msaidizi akanifunga shingoni kibati cha wagonjwa.

Mume wangu alikuja mbio kutoka upande wa wanaume, hakuwa na methali hata moja. Msaidizi alisema wanaonyonyesha wanaweza kwenda na watoto wao. Mtoto wangu hana ugonjwa, nikasema, je, huko hakuna mbung'o? Hakuna wagonjwa watakaolala naye? Akasema yeye hajui, mtumbwi unaondoka. Mume wangu akasema nimchukue, mtoto ni wa ziwa la mamaye. Mimi nilikuwa nimemshika kwa nguvu hata akaanza kulia, na sikuweza kumpa mtu wala kupanda naye.

Jirani yangu akaja akasimama mbele yangu. Akafungua kaniki yake.

"Lete mutoto," akasema.

"Harusi..." nikasema. Sijui kwa nini nilitaja hilo.

"Harusi hapana tena. Lete."

Mwanangu alinyonya palepale, mbele ya watu, huku nyuma ananitafuta kwa mkono. Ndivyo nilivyomwacha.

Ya kambini nitasema machache. Sindano zile ni kweli. Jicho la kushoto lilizimika, la kulia linaona kama mtu anayetazama kupitia moshi, na kwa hilo naandika, herufi kubwa. Kila mtumbwi uliotoka kusini niliusogelea kuuliza, na kila mara niliogopa kuuliza. Wengi niliolala nao chumba kimoja tuliwazika. Mimi, kwa sababu anayoijua Mungu, niliruhusiwa kurudi, mvua zikiwa zimepita zaidi ya mara moja.

Sikutuma habari kwamba naja. Nilishuka Rumonge nikatembea kwa kuukumbuka mji zaidi ya kuuona. Vichaka vya ufukweni vilikuwa vimefyekwa, jua lilikuwa limejaa kila mahali. Kwenye ua wetu wa matete nikasikia mchi mmoja ukitwanga, na sauti za watoto wawili wanagombania kitu.

Mchi ukaanguka. Jirani yangu akanikumbatia, akapiga kelele, akaita mume wangu, akanishika uso, akaliona jicho. Nyuma yake watoto wakaacha kugombana.

"Mama," sauti moja ikauliza, "huyu nani?"

"Mama yenu," akajibu. "Njooni mumwamkie mama yenu."

Niliona vivuli viwili. Nilichuchumaa nikafungua mikono, nikiogopa kuliko siku ya vidole vile shingoni. Kivuli kimoja kilikuja moja kwa moja, kikaniingia kifuani, kikanishika kope ya jicho lililozimika kwa udadisi. Nikapapasa kichwa. Nikakuta misuko midogo ya msichana, na hereni.

Kile kingine kilikuwa kimeshika kaniki ya jirani yangu kwa mikono miwili. Alijaribu kumtoa mgongoni kwake, akamsihi, akamfokea, naye akazidi kujikunja. Nilimsikia anavyohema. Mwanangu alikuwa ananiogopa.