Siku Batoto Bangu Balifunga Macho Mbele ya Bendera

Ile haya haijanitoka mpaka leo. Mutu akisema tu "vuta pumuzi polepole", mashavu yangu inawaka, na bandugu zangu banajua, njo maana banaisemaka makusudi tukiwa tunakula.

Nilikuwa maîtresse, mwalimu wa batoto ba première année, mwaka yangu ya kwanza ya kazi, ku masomo moja, shule ya mutaa ya Kadutu. Batoto bangu balikuwa bale ba kulia bure: mulango ikipigwa na upepo, kilio. Miye na akili yangu mingi nikabafundisha: woga ikikushika, ikala chini, funga macho, vuta pumuzi polepole, waza kitu moja muzuri mpaka roho itulie (mama yangu alinifanyiaka vile radi ikipiga). Na ilifaa! Klasi yangu ikakuwa kimya kuliko kanisa, nikaanza kujivuna mbele ya bamaîtresse bengine.

Sasa tukasikia komiseri wa zone, mwenye kutawala mutaa yote, atakuja kwa saluti ya bendera. Directeur akaturudilisha animation wiki muzima, kuimba, kutikisa viuno, kupiga makofi, juu chama ya Mukubwa wa inchi inataka furaha. Asubuhi ile batoto bakaona jeep ya basoda ku barrière ya kuingilia, bakaanza kutetemeka. Ningebaacha balie kidogo, ingeisha. Lakini miye huyu nikabainamia, nikasema: "Mukiogopa, munajua ya kufanya."

Komiseri akashuka na abacost yake, ile koti ya bantu ba chama, ya pasi kali, basoda bakapiga miguu chini na kelele, bendera ikaanza kupanda, masomo yote inaimba, na batoto bangu, mustari ya mbele kabisa (directeur alibaweka pale juu ni badogo na bazuri), bote pamoja bakaikala mu mavumbi, pu, bakafunga macho. Wimbo ikakatika. Bendera ikasimama katikati ya muti.

Musicheke bado. Wakati ile kulikuwa dini moja yenye kukatazwa, bantu bake balikatala kusalimia bendera, na mwenye kupatikana nayo alipandishwa jeep, nyumbani banabakia kuuliza-uliza kwa majirani. Directeur alikuwa anaona cachot, ile jela ya giza, na miye nilikuwa naiona vizuri kumushinda.

"Nani anafundisha hawa?" Komiseri aliuliza na sauti ya chini. Ile ya chini njo mbaya.

"Ni... ni miye, citoyen komiseri."

"Banaomba nani?"

Nikageukia batoto, nikapiga kelele sawa mutu anafukuza mbuzi mu shamba: "Simameni! Imbeni!" Hakuna ata mumoja alisimama, banapumua tu vizuri, vile nilibafundisha. Komiseri akainamia Nabintu, kasichana ka mbele.

"We, unaona nini mule?"

"Kitu muzuri," akajibu, macho bado imefungwa.

"Kitu gani?"

"Jeep inarudi kwenu, na weye ndani."

Yo, mama yangu! Pumuzi ikapotea, na (afadhali niseme yote) nikasikia mukojo inashuka, ku pagne ya chama, ile yenye sura ya Mukubwa mwenyewe! Nabintu akafungua jicho moja, akaniangalia.

"Maîtresse, unaogopa. Ikala chini."

Nikaikala. Ningefanya nini? Angalau ile sura ifichame. Nikafunga macho, na kitu muzuri nilipata kuwaza ilikuwa ile ile ya Nabintu.

Komiseri akakuja karibu, nikasikia viatu vyake. Balinielezea kisha: aliangalia mavumbi chini yangu, inageuka matope. Kisha akacheka, akaambia basoda: "Muache huyu. Bale ba ile dini habaogopaka. Huyu amejikojolea."

Masomo yote ikasikia. Kadutu yote ikasikia.

"Maîtresse," Nabintu akaninongoneza nyuma, "fungua macho. Jeep imeenda."

Tangu siku ile, mutoto akilia, namuacha alie mpaka achoke. Na miye, asubuhi ya mugeni mukubwa, chai sinywaka tena.