Mapasa wa Darasa la Sita

Nimefundisha darasa la sita miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo nimeona mbinu nyingi za kuinua kiwango cha wanafunzi kuliko nilivyoona chaki nzuri. Kulikuwa na mwaka wa kuimba jedwali la kuzidisha, tukaimba mpaka koo zikakauka. Kulikuwa na mwaka wa bendera, ambapo darasa lililoshinda lilipewa bendera ya kutundika mlangoni. Ikaibwa wiki ya tatu, nami nikashukuru kimoyomoyo. Kulikuwa na mwaka wa masomo ya ziada saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakilala juu ya benchi na mimi nikisinzia nimesimama. Kila mbinu ilikuja na semina, kila semina ilikuja na soda isiyo baridi, na baada ya semina tulirudi kwenye ubao ule ule uliochubuka. Sisemi hivi kwa dharau. Nasema kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kuyapamba maneno.

Mbinu ninayotaka kuisimulia hapa ilifanya kazi. Ndiyo maana inaniuma kuliko zile nyingine zote.

Shule yetu hapa Kamina iko upande wa barabara inayokwenda kambi ya jeshi, kwa hiyo tunapata watoto wa aina mbili. Wapo watoto wa wenyeji, Wakatoliki wa tangu enzi za mababu, ambao wazazi wao wanalima mahindi na mihogo nje ya mji. Hao wanaongea Kiluba nyumbani, Kiswahili barabarani, na Kifaransa wanakikuta ubaoni kama mgeni asiyebisha hodi. Halafu wapo watoto wa wanajeshi, waliotoka kila pembe ya Kongo. Hao wanaongea Lingala wao kwa wao, Kifaransa wanakiongea bila woga hata wakikosea, na wanaweza kuondoka siku yoyote baba akipelekwa kwingine. Tangu shule ya msingi iwe ya bure, darasa langu halijawahi kuwa chini ya watoto themanini. Mvua zikianza na palizi ikianza, nusu ya wenyeji hupotelea mashambani. Watoto wa kambini nao hupotea kwa sababu zao, na mwalimu hubaki anasomesha nafasi tupu.

Mkuu wetu wa shule alikuwa mtawa, mama mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Sisi na watoto tulimwita Masere, kama tunavyowaita watawa wa kike huku. Mwaka mmoja alikwenda kwenye mkutano ambao matokeo ya shule zote yalisomwa mbele ya watu, na shule yetu ikasomwa ya mwisho. Aliporudi alijifungia ofisini siku mbili. Siku ya tatu alituita ofisini akasema amepata dawa, na dawa hiyo hakuitoa kwenye semina yoyote. Aliitoa kwao kijijini.

Kwetu Baluba mapacha huitwa mapasa, na hawachezewi. Ukimpa mmoja muhogo, umpe na mwenzake. Ukimsalimia mmoja, umsalimie na mwenzake, hata kama yuko mgongoni amelala. Ukimpendelea mmoja, umejitafutia balaa nyumbani mwako. Masere akasema tangu sasa kila mtoto wa darasa la sita atakuwa na pasa wake, mtoto wa shamba na mtoto wa kambi, mwenye nguvu na aliye dhaifu. Kila Jumamosi kutakuwa na jaribio. Pointi za wawili zitajumlishwa, zitagawanywa kwa mbili, na kila mmoja ataandikiwa jibu hilo. Asiyekuja analeta sifuri, na sifuri hiyo wanaila wote wawili. Alitaka watoto wafuatane wenyewe majumbani, kwa vile sisi walimu tulikuwa tumeshindwa kuwafuata.

Siku ya kwanza tulichemsha mahindi, kila jozi ikapewa hindi moja, wakalivunja katikati. Masere aliniambia niwaambie watoto maneno mazito, wayakumbuke. Nikasimama mbele yao nikasema kwa sauti kubwa kwamba mapasa hawaachani na mapasa hawabadilishwi. Nilisema kwa nguvu kwa sababu ilikuwa saa saba, nilikuwa na njaa, na nilitaka shughuli iishe nikapike bukari yangu, yaani ugali.

Basi, ikafanya kazi. Niliona kwa macho yangu binti wa mwanajeshi, shati jeupe limefungwa vizuri, akiingia katikati ya mahindi ya watu kumtoa pasa wake aliyekuwa anapalilia, na mama wa yule mtoto amesimama na jembe akicheka. Niliona watoto wa kijijini wakisubiri kwenye kizuizi cha kambi asubuhi, daftari kichwani, mpaka mwenzao atoke. Darasa likajaa hata siku za mvua kubwa, ambapo bati linapiga kelele na hakuna anayesikia chochote. Masere akaanza kutabasamu. Mimi pia, nikiri, nilipata moyo, nikafundisha miezi kadhaa kama nilivyofundisha nilipokuwa mgeni katika kazi.

Jozi iliyoongoza ilikuwa ya wasichana wawili. Mmoja alikuwa wa kambini, binti wa sajini, msemaji kweli, Kifaransa kinamtoka kama maji lakini kugawanya kumemshinda kabisa. Mwenzake alikuwa binti wa mkulima wa ng'ambo ya reli, mwenye miaka kumi na miwili, mkimya, mwenye kichwa cha hesabu ambacho sijakiona mara nyingi. Kifaransa alikisoma kama mtu anayetembea na mwiba mguuni. Waliketi benchi ya pili, wakafundishana kwa kunong'ona siku nzima, na mimi nikawaacha wanong'one. Kufika Noeli hakuna jozi iliyowakaribia.

Baada ya likizo binti wa sajini hakurudi. Kikosi cha baba yake kilikuwa kimepelekwa mashariki, na mama akachukua watoto akaenda kwa ndugu zake, mbali. Binti wa sajini alikuwa amemwambia pasa wake kwamba watarudi baada ya Pasaka. Jumamosi ya kwanza binti wa mkulima alipata pointi kumi na sita kati ya ishirini. Nikajumlisha kumi na sita na sifuri, nikagawanya kwa mbili, nikaandika nane. Wiki iliyofuata ikawa vilevile.

Nilimwita. Kulikuwa na mvulana ambaye pasa wake alikuwa amehamia Kaniama, nikamwambia binti huyo aketi naye, mambo yaishe. Alikataa.

"Madamu, weye njo ulisema mapasa habadilishwe," akasema. "Ule atarudia. Akinikuta na mwengine, atawaza nini?"

Ningeweza kumlazimisha. Mwalimu mwenye watoto themanini analazimisha mara hamsini kwa siku. Lakini neno lilikuwa langu, nililisema mimi mbele ya watu wote, na moyo wangu ulilainika kidogo kuona kuna mtoto aliyelishika. Pia lilikuwa joto, madaftari yalikuwa rundo mezani, na kumwacha kulikuwa rahisi kuliko kubishana naye. Nikamwambia sawa. Nilijiambia kwamba haya ni majaribio tu ya Jumamosi, hayamli mtu.

Kabla ya Pasaka Masere akatuita tena. Ulikuwa umefika wakati wa kupeleka kwa wakaguzi orodha ya watoto watakaofanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Akasema mwaka huu shule haitapeleka mtoto wa kubahatisha. Wenye wastani wa kumi na kwenda juu kwenye daftari la Jumamosi wataandikwa, walio chini tutawashauri wazazi wao warudie mwaka. Kwa njia hiyo wote tutakaowapeleka watafaulu, na hakuna mtu atakayesoma tena jina la shule yetu mwisho. Hakuna aliyepinga. Tulikuwa tumechoka kuwa wa mwisho, mimi kama wengine.

Orodha ya darasa langu niliitengeneza mwenyewe, Ijumaa alasiri, kwenye chumba cha walimu, wanafunzi wa zamu ya pili wakipiga kelele uani. Nilipofika kwenye mstari wa yule binti, wastani wake ulikuwa kumi kasoro kidogo. Pointi za kabla ya Noeli zilijaribu kumbeba, zikashindwa. Nilijua. Sitaki mtu anitafutie udhuru, nilijua vizuri kabisa kwamba huyo ni mtoto wa pili katika darasa zima. Nikasema moyoni kwamba Jumatatu asubuhi nitamweleza Masere, tutamwongeza kwa mkono, ni mstari mmoja tu. Nikachora mstari chini ya orodha, nikaweka sahihi.

Jumapili homa ikanishika, malaria ile yetu ya kila mwaka, nikalala mpaka Jumatano. Niliporudi orodha ilikuwa imeshakwenda kwa pikipiki. Masere alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Alisema anaona uchungu, lakini orodha imepigwa muhuri, na tukifungua mlango kwa mmoja, wazazi wote thelathini wa walio chini watakuja na sababu zao. Halafu akaniuliza, kwa upole, kwa nini sikuja kumwona tangu Januari. Nilikuwa nimechoka tu, nalo si jibu.

Baba wa yule binti alikuja juma lililofuata, alipoambiwa kwamba mtoto atarudia. Alikuja na viatu vyake vya kanisani, akavua kofia mlangoni, akakataa kuketi kwenye benchi ya watoto. Aliongea polepole.

"Madamu, miye sikusoma. Unielezee tu. Mutoto yangu iko na akili ao haina?"

"Iko na akili, baba. Iko wa pili mu darasa yote."

"Sasa njo nini?"

Nikachukua chaki. Nilimwandikia kumi na sita, nikaandika sifuri chini yake, nikajumlisha, nikagawanya kwa mbili, na kila hatua nikamweleza. Nilimweleza kuhusu mapasa na kuhusu binti wa sajini. Mtu asiyejua kusoma aliielewa hesabu ile mara moja, na nilivyoiandika pale ubaoni, wazi, niliona aibu ambayo kwenye daftari sikuwa nimeiona.

"Kumbe huu mwaka alisomea bantu babili," akasema.

Nikamwambia ndiyo, watu wawili. Nikamwambia kosa ni langu, na kwamba mwaka ujao nitamwangalia mimi mwenyewe. Alitikisa kichwa, akasema "Eyo vidye," kama wazee wetu wanavyoitikia kwa heshima hata jambo lisilowapendeza, akavaa kofia akaenda. Afadhali angenigombeza. Nilibaki nimesimama na chaki mkononi, nikitamani arudi anitukane.

Waliokwenda kufanya mtihani walifaulu wote. Watoto walipita barabarani wakiimba, wamejipaka unga usoni, na mama zao nyuma yao. Nilicheza nao kidogo, kwa sababu ilibidi. Yule binti naye alifaulu mwaka mmoja baadaye, na watu ninaowaeleza habari hii huniambia basi, hakuna kilichopotea. Wanasema hivyo kwa kunifariji. Hawakumwona mwaka ule aliorudia, amekaa benchi ya pili na pasa mpya niliyempa bila kumwuliza, anajibu akiulizwa, hanong'oni tena na mtu. Binti wa sajini hakurudi kamwe.

Katika mwaka huo huo aliorudia ndipo wageni walipokuja. Sifa ya shule ilikuwa imeenea, na wakaguzi wakaona vizuri mbinu yetu ifundishwe kwingine. Wakaja walimu kutoka Kaniama na Kabongo, na mmoja kutoka Kabondo-Dianda, suruali imejaa tope mpaka magotini. Masere aliwaketisha nyuma ya darasa langu, akasimama mlangoni. Watoto aliwaamuru waandike kila nitakachosema, ili wageni waone darasa linalofanya kazi. Nikaeleza kila kitu: mahindi, jozi, Jumamosi, sifuri. Nilieleza vizuri. Kazi hii naijua.

Kisha yule wa Kabondo-Dianda, kijana, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Madamu, na kama mumoja anaenda kabisa, ule anabakia munamufanya nini?"

Lilikuwa swali zuri, swali ambalo mimi sikuliuliza siku ile ofisini. Masere aliniangalia. Binti wa mkulima alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye daftari, naye akaniangalia, bila chuki yoyote, kama mtoto anayetaka kweli kujua jibu. Nilikuwa nalo. Lingenichukua dakika tano na chaki kidogo.

"Hiyo bado haiyatufikia," nikasema.

Wageni wakainama wakaandika kwenye magoti yao. Watoto wakaandika. Binti naye akainamisha kichwa akaandika, taratibu, midomo ikifuata maneno, mpaka mwisho, akaweka nukta.